Vyeo bila mafunzo: somo la Julai 1960

Ndugu zangu wasomi wa Kirolirwe na Masisi yote, nataka tuongee juu ya kiongozi mpya anayeshika kila kitu peke yake: muhuri, franga, hata ufunguo wa ofisi. Akisafiri Goma, kazi yote inasimama. Historia yetu inaonyesha mwisho wake.

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Jeshi, Force Publique, lilikuwa na askari karibu 25,000, lakini hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Tarehe 5 Julai, mkuu wake, Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji, aliwakusanya askari kule Léopoldville, akawaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Uasi ukaanza. Lumumba akamfukuza, akamweka Victor Lundula, na masarjenti wakawa maofisa ghafla. Mimi naona hivi: vyeo vilitolewa, lakini mafunzo hayakuwa yametangulia.

Jirani yetu Tanganyika ilipita njia nyingine. Januari 1962, hata miezi miwili ya uhuru haijatimia, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kuimarisha TANU. Desemba akarudi kama rais, na nchi ilikuwa imeshapata kiongozi wa pili mwenye uzoefu.

Basi wewe uliyechaguliwa juzi, mpe mwenzako kazi pamoja na uwezo wa kuamua. Mwonyeshe, kisha mwache afanye. Mkono mmoja haulei mwana.