Mkdir

Mkdir ni amri ya kompyuta inayotumika kuunda folda (huitwa pia saraka) kwa kuandika badala ya kubofya. Jina lake limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tengeneza saraka". Inapatikana katika Unix, Linux, macOS na Windows. Katika Windows huandikwa pia md.

Historia

Amri hii ilikuwemo katika toleo la kwanza la Unix la mwaka 1971, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs nchini Marekani. Toleo la kwanza la MS-DOS halikuwa na folda kabisa. Zilikuja na toleo 2.0 mwaka 1983.

Matumizi

Katika dirisha la amri huandikwa jina la amri, nafasi, kisha jina la folda:

mkdir Hisabati

Folda huundwa ndani ya ile aliyomo mtumiaji wakati huo. Wanaoanza hudhani amri imeshindwa, kumbe folda ipo mahali pengine. Amri cd ikiandikwa peke yake katika Windows, au pwd katika Linux, humwonyesha mtu alipo.

Kosa lingine la kawaida ni nafasi kati ya maneno. Amri mkdir Kidato cha Pili huunda folda tatu: Kidato, cha na Pili. Jina la namna hiyo hufungwa kwa alama za kunukuu: mkdir "Kidato cha Pili".

Katika Linux, -p huunda pia folda za juu zinazokosekana, kwa mfano mkdir -p 2024/Kiswahili/Insha. Windows hufanya hivyo bila -p. Anayeiandika huko hujikuta na folda inayoitwa -p.

Skripti

Kwa folda moja, kubofya kunatosha. Manufaa ya amri huonekana zinapohitajika nyingi, kama mwalimu anayetaka folda moja kwa kila mwanafunzi wa darasa la watu 45. Majina huandikwa katika faili majina.txt, kila jina na mstari wake. Katika Windows, mstari ufuatao huhifadhiwa katika folda hiyohiyo kama unda.bat, kisha faili hilo huendeshwa:

for /f "delims=" %%j in (majina.txt) do mkdir "%%j"

Katika Linux:

while IFS= read -r j; do mkdir -p "$j"; done < majina.txt

Kwa njia hii ya pili, mstari wa mwisho usipomalizwa kwa kubonyeza Enter, mwanafunzi wa mwisho hukosa folda, na kompyuta haitoi onyo lolote. Inafaa kuhesabu folda baadaye.

Skripti ikiendeshwa mara ya pili, kazi zilizomo hazifutwi. Folda zilizokwisha kuwepo hubaki zilivyo, na katika Windows hutokea tu ujumbe kwamba zipo tayari. Hivyo mwanafunzi anayehamia katikati ya muhula huongezwa kwenye orodha, na skripti ikaendeshwa upya.