Nyumba Dhaifu, Uzi Madhubuti

Kila Shaabani ikikaribia kwisha, Mkomani nzima hushika mifagio. Madaka yanapanguswa, boriti zinafagiliwa, na wa kwanza kufukuzwa ni buibui. Kabla hujampiga fagio, hebu tusikilizane kidogo.

Allah Subhanahu wa Taala ameipa sura nzima jina lake, Al-Ankabut, sura ya 29. Humo nyumba yake imepigiwa mfano wa udhaifu, kuwaonya wanaotegemea wasiokuwa Allah. Angalia basi: kilichotajwa udhaifu ni nyumba. Uzi ni habari nyingine.

Hapo jirani Madagaska, mwishoni mwa karne ya 19, padri Mfaransa aitwaye Camboué alikuwa akiwakamua buibui hariri. Kitambaa cha hariri hiyo kilionyeshwa Paris mwaka 1900. Mwaka 2009 kikatoka kingine, cha rangi ya dhahabu bila kutiwa rangi, kwa kazi ya buibui zaidi ya milioni moja.

Waganga nao wana historia yao. Ibn Sina (980–1037) alitaja kushona mishipa ya fahamu iliyokatika. Shida iliyobaki ni pengo. Kipande kikipotea, ncha mbili hazikutani. Mshipa hukua kiasi cha milimita 1 tu kwa siku, na bila njia ya kufuata hupotea. Dawa ya kawaida ni kutoa mshipa mwingine, mara nyingi mguuni, na kuupachika pale. Unapona huku, unapata ganzi kule.

Hapo ndipo buibui alipoingia. Madaktari wa Hannover, Ujerumani, walijaribu kwa panya, kisha kwa kondoo. Walipitisha nyuzi zake ndani ya mshipa wa damu uliotolewa seli, na mwaka 2011 wakatangaza kuwa pengo la sentimita 6 limeunganika. Seli hutambaa juu ya uzi kama mmea juu ya kamba, na baadaye mwili huuyeyusha uzi wenyewe. Mmoja wao, Daktari Christine Radtke, aliendeleza kazi hiyo Vienna, Austria, kwa buibui wa kutoka Tanzania. Jirani zetu hao! Na hawauawi, hukamuliwa, wakalishwa.

Lakini hii bado si tiba ya kawaida. Kwa hivyo wewe kijana unayeshika panga, msumeno au mashine ya boti, ukijikata na kidole kikafa ganzi, usifunge kitambaa ukasema itapoa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari wazi kwamba huhisi kidole. Misuli isiyopata amri hunyauka, na ukipita mwaka mmoja na nusu ni vigumu kurudi. Wangapi tunawajua mtaani, mkono umebaki vile vile kwa kuchelewa tu?

Na buibui je? Mtoe, usafi ni katika imani. Ila mtoe ukisema Subhanallah.

Ramadhan Karim.