Sisimizi Chini ya Kioo

Katika karne ya 18 Réaumur wa Ufaransa aliwatia sisimizi katika machupa apate kuwatazama, na mwaka 1810 Pierre Huber wa Geneva akatoa kitabu juu ya tabia zao. Lakini aliyewakaribisha nyumbani kama wageni wa kudumu, akawaandalia makazi ya kioo na kuwatazama miaka na miaka, ni John Lubbock wa Uingereza, mwenye benki, jirani yake Charles Darwin huko Kent, na mbunge ambaye sheria yake ya mwaka 1871 iliwapatia watu wa nchi yake siku za mapumziko.

Makazi yenyewe yalikuwa vipande viwili vya kioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, baina yake udongo kidogo usiozidi kimo cha sisimizi, juu yake kifuniko cha kuzuia nuru, na kandokando handaki la maji lisilovukika. Lubbock aliwatia rangi migongoni apate kumtambua kila mmoja. Aliwalewesha baadhi yao, wa kundi lile na wa kundi jingine, akawaacha njiani, akaona kwamba wenyeji waliwabeba wengi wa ndugu zao hadi nyumbani, na wengi wa wageni wakawatosa majini. Kisha akaigawa nuru katika rangi zake, akaona wanawahamisha watoto wao kutoka upande uliopita zambarau, mahali ambapo jicho la mwanadamu halioni ila giza. Na ugunduzi huu kwangu ni katika mambo ya ajabu kabisa yaliyowahi kupatikana ndani ya chumba cha nyumba ya mtu. Hayo na mengine aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1882.

Roho ya makazi yale, hata hivyo, ni malkia. Yeye huruka mara moja tu katika umri wake, hupandwa angani, hushuka, huzivua mbawa zake na kujifukia peke yake. Na katika jamii nyingi mwili wake huiyeyusha misuli ya mbawa asizozihitaji tena iwe chakula, hata wazaliwa wa kwanza wapate nguvu ya kutoka kutafuta riziki. Mbegu aliyopokea siku ile humtosha maisha yote. Malkia mmoja wa Lubbock aliishi naye tangu 1874 hata 1888, muda ambao hapana mtu aliyedhani mdudu aweza kuufikia.

Ufugaji huu ulipogeuka biashara Marekani, malkia aliachwa. Frank Austin, mwalimu wa uhandisi, alipata hataza ya kisanduku chake cha sisimizi mwaka 1931. Na mwaka 1956 Milton Levine akaanza kuuza kisanduku cha plastiki chenye mchanga, hata vikauzwa visanduku zaidi ya milioni 20, na sisimizi wakiletwa kwa posta. Sheria haikuruhusu malkia kusafirishwa toka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo mtoto aliyenunua alipata watumishi watupu, wachimbao mahandaki miezi michache kisha wakafa wasiache kizazi. Huko si kufuga. Ni kutazama mauti yakija polepole.

Wafugaji wa leo wamemrudia malkia, humweka katika mrija wa kioo wenye maji yaliyozuiwa kwa pamba, na tamaa yao imefika kwetu Kenya. Mwezi Aprili 2025 watu wawili walikutwa Naivasha wana malkia wapatao 5,000 katika mirija ya namna hiyo, wengi wao wa jamii ya Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wavunao mbegu za nyasi na kuzitawanya mbugani. Tarehe 7 Mei mahakama ya Nairobi iliwahukumu hao na wenzao wawili wa shauri jingine, kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. Hukumu hiyo naiona ya haki kabisa, kwa maana kila malkia aliyetiwa mrijani ni dola nzima iliyong'olewa katika ardhi ya Kenya kabla haijazaliwa.