Kurejesha Ukurasa Uliofutwa

Mkabidhi (msimamizi) wa Wikipedia ya Kiswahili akifuta ukurasa, wasomaji hawauoni tena, lakini maandishi yake yapo palepale kwenye seva. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia zote, huziondoa taarifa za matoleo ya ukurasa huo katika jedwali la matoleo yanayosomwa na kuzihamishia jedwali jingine la hifadhidata. Humo hukaa kila kitu: toleo la kwanza, sahihisho la herufi moja, jina la aliyeandika na saa aliyoandika. Chombo cha kuzitoa humo na kuzirudisha zilikotoka kinaitwa kwa Kiingereza undelete, na anayeandika mwongozo wake kwa Kiswahili hukwama hapo hapo penye jina.

Lugha yetu ina njia ya kugeuza tendo: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, tega huzaa tegua. Mpenda mantiki angetaka futa izae futua. Bahati mbaya futua ni neno la zamani lenye kazi zake, na mzee wa mtaa wa Malindi au Mkunazini, Unguja, akiambiwa umefutua ukurasa hatafikiria kompyuta hata kidogo. Tunabaki na fufua, rudisha na rejesha.

Fufua lina mvuto, na waandishi wa habari wanalipenda: viwanda vinafufuliwa, zao la karafuu linafufuliwa kila baada ya misimu michache. Lakini hakifufuliwi kisichokufa. Mwongozo ukisema "fufua", msomaji ataamini kwamba kufuta ni kuua, na imani hiyo ina hatari. Aliyebandika namba ya simu ya jirani yake, kisha ukurasa ukafutwa, atadhani mambo yamekwisha, na kumbe kila mkabidhi bado anaweza kuifungua na kuisoma. Kuificha hata kwa wakabidhi ni kazi ya chombo kingine, chenye watumiaji wachache zaidi.

Rudisha lingefaa, kama lisingekuwa na kazi nyingine. MediaWiki ina njia kadhaa za kurudi nyuma na mwongozo hauwezi kuzichanganya. Kuondoa badiliko moja ni kutengua. Mtanzania haelezwi maana ya neno hilo, analisikia kila uteuzi wa kiongozi unapotenguliwa. Kuufanya ukurasa uwe kama ulivyokuwa katika toleo la zamani ni kurudisha. Kuutoa ukurasa mzima kwenye ufutwaji, hilo ndilo nalitengea rejesha. Najua kwamba sokoni Darajani mtu anarudisha shati au analirejesha na muuzaji ananuna vilevile. Istilahi ni makubaliano, na makubaliano haya yanamwokoa msomaji asibonyeze kitufe kisicho chake.

Mjini Unguja kuna mtego wa ziada. Kitufe chenyewe kwa Kiingereza kimeandikwa restore, neno lililozoeleka Mji Mkongwe tangu kabla ya UNESCO kuuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hapa maana yake ni ukarabati. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Kulisimamisha tena kunataka mawe na chokaa mpya kando ya kuta za zamani. Ukurasa uliorejeshwa hauongezwi hata herufi. Koma iliyokosewa inarudi na kosa lake. Karabati, basi, tuwaachie mafundi.

Na lile jedwali la pili tuliiteje? Kiingereza kinasema archive, na wengi wataandika "nyaraka" bila kufikiri. Lakini nyaraka za taifa za Zanzibar huko Kilimani, ambako mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, zimewekwa ili zisomwe. Jedwali hili halisomwi na umma. Mimi naliita ghala.

Mengine katika mwongozo ni mepesi. Mkabidhi huchagua matoleo yote au machache, huandika sababu, na sababu hiyo huingia kwenye kumbukumbu za mfumo. Onyo moja liandikwe kwa wino mzito: kama kuna ukurasa mpya ulioandikwa kwa jina lilelile, matoleo ya zamani yatachanganyika na historia yake, na kuyatenganisha ni kazi ya kuchosha. Skuli au taasisi yenye wiki yake yenyewe ina pia hati ya undelete.php ya kurejesha kutoka kwenye seva, pamoja na deleteArchivedRevisions.php inayolisafisha ghala lote. Hii ya pili haifai kuitwa "futa". Iitwe "teketeza", maana baada yake hakuna cha kurejesha isipokuwa una nakala rudufu ya hifadhidata.

Ukurasa wako ukifutwa, usianze kuuandika upya. Mwombe mkabidhi kwenye ukurasa wake wa majadiliano, eleza kwa nini urejeshwe, na utaje jina la ukurasa wako herufi kwa herufi: kwa MediaWiki, "Mji Mkongwe" na "Mji mkongwe" ni kurasa mbili tofauti.