Jeneza Linalorudi na Jeneza Lisilorudi

Kila nikigusa habari ya disko matanga, komenti zinajaa: "vijana wameharibika", "mambo ya bara hayo", "zamani hakukuwa na upuzi huu". Mimi nasema hivi: kama unataka kuelewa disko matanga, wachana kidogo na spika, uangalie jeneza. Hapa Kona ya Musa neno hilo moja lina maana mbili, na watu wanaopishana kwenye bodaboda kila siku hawajawahi kugundua kwamba hawaongelei kitu kimoja.

Kwetu Waislamu, mtu akifa asubuhi, alasiri ameshazikwa. Akifa usiku, kesho yake jua halizami hajazikwa. Maiti huoshwa, huvikwa sanda, halafu huwekwa kwenye jeneza la msikiti. Hilo ni la kubebea tu. Wanaume wanapokezana mabegani mpaka makaburini, maiti anatolewa, anashushwa, na jeneza linarudi msikitini kungoja mwingine. Mwenye nyumba za kukodisha na mpanda minazi wamebebwa na mbao zile zile. Neno lenyewe limetoka kwa Kiarabu, na kule linagusa maiti, kitanda chake na mazishi kwa jumla, ndiyo maana hata ile sala tunaiita sala ya jeneza. Mbao za kuuza hazimo.

Na ardhini je? Uliza wasee wa rika letu mwanandani ni nini, wengi watakutolea macho. Ni ule mfuo unaochimbwa ndani ya kaburi, maiti analazwa humo kwa ubavu wa kulia, anaelekezwa kibla, kisha anafunikwa kwa viunza, yaani vipande vya mbao, ndipo mchanga unarudishwa. Huku Kwale kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa sababu Makka na Ukunda ziko karibu kwenye longitudo moja. Kwa hiyo makaburi yetu yanalala mashariki kwa magharibi. Ukipita makaburini na simu yako, fungua dira uone.

Sasa vuka barabara uende kwa jirani Mkristo aliyekuja kutoka bara kufanya kazi kwenye mahoteli ya Diani. Kwake jeneza linanunuliwa, lina vishikio na kitambaa ndani, na linashuka kaburini na mwenyewe. Halirudi. Juu ya hapo mwili uko mochari, na mochari inahesabu siku. Kisha kuna gari la kuupeleka nyumbani, maana kwa wengi wao kuzikwa mbali na shamba la wazee ni kama kutupwa. Msichukulie hilo jambo dogo. Wakili S.M. Otieno alikufa Desemba 1986, mkewe Wambui akataka kumzika kwao Upper Matasia karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na akazikwa Mei 1987. Miezi mitano! Bila mochari kesi ile isingewezekana, kwa sababu joto lisingewangoja mahakimu.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mochari ilileta nafasi kati ya kifo na kaburi. Nafasi ikaleta bili. Bili ikaleta mchango wa kila usiku, na mchango unahitaji watu, na watu wa rika letu hawatoki nyumbani saa nne usiku kwa ajili ya hotuba. Dijei akaingia hapo.

Lakini msiniambie ngoma kwenye msiba ililetwa na watu wa bara. Sisi Wadigo tunasema hanga, na Wamijikenda wenzetu wanalo neno hilo hilo. Wagiriama wana hanga itsi, yaani hanga bichi, la wakati wa kuzika, na hanga ivu, lililoiva, linalofanywa baadaye. Kulikuwa na kifudu, ngoma ya msiba kabisa, na mnazi ulinywewa. Wadigo wengi waliingia Uislamu kuanzia mwisho wa karne ya 19 na kuendelea karne ya 20, ngoma ikapungua, dua na hitma zikachukua nafasi. Jina likabaki. Mpaka leo bibi zetu wakienda msibani wanaenda hangani.

Kwa hivyo kukesha kuna mizizi. Ambacho hakina mizizi ni kuuza usiku kwa watoto wa shule. Serikali imepiga marufuku disko matanga Kwale na Kilifi zaidi ya mara moja, ikitaja mimba za wasichana wadogo, na kwa hilo sibishani hata kidogo. Anayesema ni burudani tu hana dada. Ila marufuku ikishatangazwa, bili ya mochari inabaki pale pale mezani, na familia inatafuta uwanja mwingine ulio mbali na chifu.

Na sisi wa upande huu tusijifanye wasafi. Jeneza letu ni bure, lakini pilau si bure. Nimeona watoto wa marehemu wakikopa mchele na nyama wa kulisha watu siku tatu, kisha hitma, kisha arobaini. Jaafar, binamu yake Mtume, alipouawa vitani, Mtume aliagiza watu waipikie familia yake kwa sababu imeshughulishwa na msiba. Sisi tumegeuza: wafiwa wanapika, majirani tunakaa jamvini tunauliza kama kuna kachumbari.

Majuzi nilimuuliza mama jirani, wa kanisani, kwa nini wasiwe na jeneza moja la kanisa, la kubebea tu. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Mwanangu, unataka wakwe zangu waseme nimemzika mtu kwa jeneza la kuazima?"

Nikamwambia la babu yangu lilikuwa la kuazima, na Ijumaa ile ile lilishambeba mwingine. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza msikiti ulilinunua kwa bei gani.