Mwisho wa Hawara: Kutoka Vugiri hadi Banda la Video Handeni

Wahakiki wa sinema zetu za mapenzi wana lawama moja wanayoirudia kila mara: kwamba mwisho wake ni mahubiri. Mkosaji anakufa, wema wanabaki, na mahubiri hayo, wanasema, tumeyarithi kwa mkoloni. Lawama hii ina ushahidi, tena ushahidi wenyewe uko Korogwe. Lakini mimi naona ushahidi huo unathibitisha nusu tu ya kesi.

Tuanze na Vugiri, kule milimani wilayani Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 hapo ndipo palipokuwa makao ya mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Shirika la Carnegie la Marekani lilitoa fedha; kazi ikasimamiwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Zilitengenezwa sinema fupi 35, sauti zake zikiwa kwenye sahani za santuri, zikazungushwa kuonyeshwa Afrika Mashariki na Kati. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya Posta. Fani yake nyepesi kabisa: watu wawili wana fedha. Mmoja anazifukia ndani ya nyumba, mwizi anazichimbua. Mwenzake anaweka Posta, zinakuwa salama. Mjinga analia, mwerevu anacheka, basi.

Sasa tuitazame Fatal Attraction ya 1987, iliyoongozwa na Adrian Lyne. Dan, mwanasheria mwenye mke na mtoto, analala na Alex wakati mkewe hayupo. Kwake yeye ni mambo ya siku mbili. Alex hakubali kuachwa: anapiga simu usiku, anasema ana mimba, anamchemsha sungura wa mtoto jikoni. Mwisho, ndani ya bafu, Beth, mke wa Dan, anampiga risasi.

Mimi niliiona Handeni miaka ya tisini, katika banda la video, kanda imechoka na picha inarukaruka. Kiingereza wengi hatukukifuata. Mwenye banda alikuwa akitueleza juu juu. Risasi ilipolia, banda zima lilishangilia, wanawake kwa wanaume. Mhakiki wetu angesema papo hapo: mnaona? Hao ni wanafunzi wa Vugiri.

Historia ya sinema yenyewe inakataa. Mwisho huo sio uliopigwa kwanza. Katika mwisho wa awali Alex anajiua kwa kisu chenye alama za vidole vya Dan, na polisi wanakuja kumkamata Dan, ingawa mkewe anapata kanda inayoweza kumwokoa. Watazamaji wa Marekani walioonyeshwa kwa majaribio hawakuridhika. Walitaka Alex aadhibiwe. Studio ya Paramount ikaamuru mwisho upigwe upya, japo Glenn Close, aliyeigiza Alex, alipinga. Watazamaji hao hawakupita Vugiri. Sasa shangwe yao na yetu zilifananaje?

Jibu langu ni kwamba shangwe hiyo haikufundishwa na Notcutt. Inatoka katika hamu ya kuilinda nyumba kwa kulitupa kosa nje ya mlango. Hata sheria zetu zinaijua hamu hii. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 72, ilimpa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Mdaiwa ni yule wa nje. Aliyekula kiapo cha ndoa hadaiwi senti katika shauri hilo. Yeye yuko ndani, na wa ndani anasamehewa au anaachwa. Angalau sheria ina haki kidogo kuliko sinema: mdaiwa akithibitisha kwamba hakujua, wala asingeweza kujua, kuwa mtu yule ana ndoa, anaponea.

Kwa hiyo tukilinganisha miisho miwili ya Fatal Attraction, tutaona nini hasa kilichokatwa. Alex anakufa katika yote miwili. Kilichokatwa ni polisi kumchukua Dan, yaani deni la mume. Katika mwisho tuliouona, Dan anamkumbatia mkewe, halafu kamera inatulia kwenye picha ya familia. Nyumba imefagiwa, na aliyeleta takataka kakaa sebuleni.

Vugiri kulikuwa na mjinga na mwizi. Kila mtu alijua nani kapoteza na nani kaiba. Sinema ya fumanizi ni ngumu zaidi, maana mwizi ana ufunguo wa nyumba. Tukiendelea kumlaumu mkoloni kwa mahubiri haya tunajipa raha ileile ya banda la Handeni: tunatafuta mtu wa nje wa kumbebesha. Ndugu zangu wahakiki, tunapohakiki sinema za Bongo zilizoshamiri baada ya 2000, tusiishie kuhesabu nani kafa mwishoni. Tuulize pia nani katoka bila kulipa, na kwa nini sisi wenyewe, tuliotoa kiingilio, hatukumdai.