Historia ya Kilwa na Mwanzo wa Kusoma Habari za Mageuko

Vijana wa sharika zetu hukutana na nadharia ya mageuko ya viumbe katika somo la baiolojia, kisha huja kumwuliza mchungaji. Je, mchungaji asiyesomea sayansi aanzie wapi kusoma? Katika makala haya twapendekeza aanzie pale ambapo elimu ya theolojia imekwisha kumwandaa, yaani katika habari za nakala na urithi wake. Mfano wetu ni Kilwa Kisiwani.

Historia ya kale ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: masimulizi ya Kireno yaliyochapishwa na João de Barros mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London. Zote mbili husimulia juu ya wageni waliotoka Uajemi, lakini hutofautiana katika orodha za watawala. Aliyejifunza uhakiki wa maandiko ya Agano Jipya hashangai. Anajua kwamba mnukuzi huweza kukosea, kwamba kosa hurithiwa na nakala zifuatazo, na kwamba nakala zenye kosa lilelile yamkini zina asili moja.

Wanabiolojia nao husoma vinasaba kwa kanuni inayofanana na hiyo. Vinasaba hunakiliwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto; mabadiliko madogo huingia, nayo hurithiwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, Kilwa ikiwemo. Ilionekana kwamba Waafrika na watu wa Asia walianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Urithi wa Afrika ulitoka hasa kwa akina mama, na ule wa Uajemi hasa kwa akina baba. Basi wale waliosema kwamba simulizi la Waajemi ni hadithi tupu walikosea. Na wale waliosema kwamba miji hii ilikuwa ya wageni watupu walikosea vilevile.

Urithi na mabadiliko ni nusu ya nadharia. Nusu ya pili ni uteuzi wa asili, yaani jinsi mazingira yanavyofanya badiliko fulani lienee na jingine lipungue. Hapa pia mfano uko kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Ndiyo maana urithi huo ni wa kawaida zaidi pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko katika nyanda za juu. Mchungaji aliyekwisha kumzika mtoto wa selimundu hawezi kusema kwamba elimu hii haimhusu.

Kwa msingi huo, msomaji na achukue kitabu cha Darwin cha mwaka 1859, asome sura nne za kwanza. Ya kwanza yaeleza habari za njiwa wa kufugwa, wala haihitaji utaalamu. Kwa kuwa Darwin hakujua jeni, baadaye asome The Language of God cha mwaka 2006, kilichoandikwa na Francis Collins, mtaalamu wa jeni aliye Mkristo.

Kukiri kwamba Mungu ni Muumba hakutuondolei wajibu wa kusoma. Kijana aliyeuliza kwa unyofu astahili kujibiwa na mtu aliyesoma.